Usiweke sindano chini katikati ya mstari

Mafinga

Mwanangu mpendwa,

Kamwene. Huku tu wazima. Mvua haijakata wiki ya pili sasa, ukungu unakaa mpaka saa nne asubuhi na mipaina ya ng'ambo ya barabara hatuioni. Mahindi yametoa mbelewele. Baba yako anakusalimu, anamuulizia mjukuu wake.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Umeniuliza, "Mama, mbona mimi simalizi? Nina masweta matatu kwenye mfuko, yote nusu. Wewe ulitufumia wote wanne, na shamba ulilima, na ng'ombe ulikamua. Muda uliutoa wapi?" Ningeweza kukupigia, lakini simu yako huwa inakukuta zamu, na jambo lenyewe linataka utulie.

Muda sikuwa nao, mwanangu. Kukaa saa nzima nafuma tu nakumbuka kipindi kimoja, mvua za Elnino za mwisho wa 1997, nina mimba yako, njia ya shambani imekuwa tope tupu. Hapo ndipo nilipofuma shali yako nyeupe. Masweta mengine yote ya nyumba hii yalifumwa maharage yakiwa jikoni. Maharage makavu yanataka saa mbili na zaidi. Unachochea moto, unafuma mistari minne, unaongeza maji, unafuma miwili, mtoto analia, unaweka chini.

Piga hesabu na mimi. Kipande cha mbele cha sweta la mtoto wa miaka minne, kwa uzi wa unene wa kati, ni vitanzi 70 kwa upana na mistari 100 hivi kwenda juu. Mstari mmoja, kwa mkono uliozoea, ni dakika mbili au tatu. Ukifuma mistari 6 kila siku, siku ya 17 umefika mabegani, na kila siku hukutumia hata dakika 20. Wewe dakika 20 unazo, hata siku ya zamu ya usiku. Kinachokula muda wako ni kuanza upya kila mara. Unatoa kazi kwenye mfuko baada ya wiki mbili, unaigeuza, hujui ulikuwa mstari wa ngapi, hujui kama kwapa ulishaanza kulipunguza, unahesabu, unachanganyikiwa, unarudisha mfukoni. Jioni imekwisha na hujafuma hata kitanzi kimoja.

Kwa hiyo kazi yote iko kwenye namna unavyoiacha.

La kwanza ninalokuomba, usiweke sindano chini katikati ya mstari. Hata mlango ukigongwa, sema "nakuja" na umalize ule mstari. Ukiacha katikati, vitanzi vinabaki kwenye sindano zote mbili, na kesho ukiishika vibaya utafuma kurudi ulikotoka. Upande mmoja utakuwa umepanda mistari miwili kuliko mwenzake, na pale ulipogeukia pataachia tundu. Niliwahi kuliona tundu hilo kifuani mwa sweta la baba yako wakati nimeshashona mabega. Ikitokea umelazimika kuacha, ukirudi angalia uzi unaotoka kwenye bonge unaning'inia wapi. Uwe umetokea kwenye sindano ya mkono wako wa kulia. Ukiuona kushoto, umeishika kinyume, geuza.

Halafu andika. Daftari langu bado ninalo, lile la jalada jekundu, penseli imefungwa kwa uzi kwenye waya wake. Jana nilifungua ukurasa wa sweta lako la kijani la darasa la kwanza. Vijiti vitano vitano, kila cha tano kimekata vinne vya mwanzo, na pembeni nimeandika "kwapa, punguza 2 kila upande". Kuna doa la mafuta ya taa pale juu, maana koroboi ilikuwa karibu. Kila mstari kijiti, papo hapo, kabla hujanywa chai. Ukisema utaandika baadaye, utajikuta unahesabu mistari kwa kucha.

Na kuna kitu alinifundisha sista mmoja wa misheni nilipokuwa msichana: usilale ukiwa umemaliza kipande. Ukifunga vitanzi vya mgongo, jioni hiyohiyo anzisha vitanzi vya mbele, fuma mistari miwili, ndipo uweke. Kipande kilichoisha kinakuambia pumzika, na hapo ndipo miezi inapopita. Angalia mfuko wako, nina hakika masweta mawili kati ya hayo yamekufa baada ya mgongo.

Mikono ya sweta ifume yote miwili kwa pamoja. Sindano moja ndefu, mabonge mawili, kila mkono na bonge lake. Unafuma mstari wa huu, unaacha uzi wake, unafuma mstari wa ule, ndipo unageuza. Mwanzoni nyuzi zitasokotana, vumilia. Lakini yote itaisha siku moja, urefu mmoja, na hutakuwa na sweta la mkono mmoja kabatini.

Sasa hayo matatu. Chagua moja, la mtoto, kwa sababu Juni baridi ya huko kwako Uyole haitamsubiri. Hilo la buluu ulilosema limebana, lifumue, mwanangu. Najua linauma. Zungushia uzi kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne, uloweke, uuning'inize na kitu kizito kidogo chini mpaka ukauke. Mikunjo italegea na uzi utafumika tena. La tatu lifunge na karatasi yenye idadi ya mistari, liweke juu ya kabati, usiliangalie mpaka la mtoto livaliwe.

Uzi ukikupungukia, usiende sokoni Mwanjelwa na kumbukumbu ya rangi kichwani. Nenda na karatasi ya bonge, ina namba ya rangi na namba ya mkupuo uliotiwa rangi pamoja (lot), na zote mbili lazima zifanane. Mimi nilinunua maruni mara mbili, mwezi umepita katikati. Dukani niliona sawa kabisa. Juani, mkono mmoja wa sweta la kaka yako ulikuwa kama umetoka kwa mtoto mwingine, naye akalivaa mwaka mzima bila kuninung'unikia. Mpaka leo nikikumbuka ninamshukuru.

Nakutumia sindano zangu kwa basi la kesho asubuhi, zimefungwa kwenye kanga ya zamani, utazifuata stendi. Zimeandikwa 8, lakini hizo ni namba za zamani za Uingereza: 8 ni milimita 4, na 10 ni nyembamba zaidi, milimita 3.25. Zako mpya zinahesabiwa kwa milimita, namba ikikua sindano inanenepa. Usizichanganye kwenye kazi moja.

Ndani ya kanga kuna pini na uzi mweupe mwembamba. Uzi huo, kila baada ya mistari 20, upitishe kwa sindano ya kushonea ndani ya vitanzi vyote na uuache humo. Ukikosea mbele, fumua bila hofu, kazi itasimama pale kwenye uzi mweupe. Na kitanzi kikikuponyoka kikaanza kushuka kama ngazi, kikamate kwa pini, ukiache hivyohivyo. Uje nacho Pasaka, tukipandishe pamoja kwa kulabu, nikuoneshe.

Mama yako