Vim hunifungulia faili tupu kila nikikompaili

SWALI: Naandika programu za lugha ya C kwa kihariri cha Vim, faili zangu ziko kwenye folda ya src. Nimeweka `:set makeprg=make\ -s\ -C\ src`. Nikipiga `:make` (Vim huendesha amri iliyo kwenye makeprg), ujumbe unasema kosa liko main.c mstari wa 14, lakini main.c inayofunguka ni tupu. Kodi yangu imekwenda wapi?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Haijaenda popote, iko src/main.c. Uliyofunguliwa ni main.c mpya kwenye folda uliyosimama. Usiihifadhi, ifute kwa `:bwipeout`.

Mkorofi ni `-s`. Kompaila (inayogeuza kodi kuwa programu) hufanya kazi ndani ya src, hivyo kosa hutajwa `main.c:14:5` tu, bila folda. Kwa kawaida make (zana inayoiita kompaila) ikipewa `-C` (ingia kwanza folda hii) hutanguliza mstari wa `make: Entering directory` wenye jina la folda, na Vim huutumia kujua pa kutafuta. `-s` huunyamazisha pamoja na mengine. Urudishe kwa `-w`:

`:set makeprg=make\ -s\ -w\ -C\ src`

Mkwaju wa nyuma (`\`) kabla ya kila nafasi ni lazima, la sivyo Vim hudhani `-s` ni chaguo lake na kugoma.

Kwa wenye kompyuta za Kifaransa, mathalani huko Bukavu au Bujumbura: mstari huohuo hutoka umetafsiriwa, na Vim inaujua kwa Kiingereza tu. Piga `:let $LC_ALL='C'` kabla ya `:make`. Na ukitumia `-j4` (kazi nne kwa wakati mmoja), ongeza `-O` (GNU make 4.0 au zaidi), maana kazi nne zikiandika kwa pamoja, mistari ya folda huchanganyika na kosa hupachikwa folda isiyo yake.

SWALI: Nimesahau alama moja tu, nimepata makosa 60. Niyapitieje?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Usiyapitie. Rekebisha la kwanza (`:cfirst`), kompaili tena. Mengi ya chini yake ni mwangwi. Weka `-fmax-errors=3` kwenye CFLAGS (vigezo vya kompaila katika Makefile), kompaila ya gcc itakoma mapema. Lakini jihadhari na heda (faili za .h): struct ya mwisho ikikosa nukta-mkato, lawama inaweza kuangukia faili iliyoiita heda hiyo, ambayo haina kosa lolote.

Yakibaki machache, `:cn` huenda mbele, `:cp` hurudi, `:cc 3` huruka hadi la tatu. `:copen` hufungua orodha yote chini. Weka kasa (kishale cha kuandikia) juu ya mstari, bonyeza Enter. Ukitaka kubaki ulipo badala ya kurushwa kwenye kosa, piga `:make!`. Orodha ya awali haifutwi na mpya: Vim hutunza kumi za mwisho, na `:colder` huirudisha.

Weka pia `:set autowrite`. Bila hiyo `:make` hukompaili kilichoko diski, nawe utalisaka kosa ulilokwisha kulirekebisha kwenye skrini.