Programu Yako Isijifanye Posta

Nilikuwa na skripti ya bekapu iliyokuwa ikifanya kazi saa nane usiku. Ikikwama, initumie barua pepe. Kwa ujuaji wangu, niliiandika iongee SMTP (lugha ya kusafirishia barua pepe) yenyewe na seva ya barua, nywila ikiwa humo humo ndani ya faili. Siku moja nywila ikabadilishwa. Baadaye diski ikajaa, bekapu ikakwama, skripti ikaenda kunijulisha, ikafukuzwa mlangoni, ikajifia kimya. Niligundua wiki tatu baadaye, mwenzangu alipoomba faili lake lirudishwe.

Tangu hapo nina msimamo mmoja: kwenye mifumo endeshi ya Linux, FreeBSD na ndugu zao, programu yenye barua ya kutuma iikabidhi kwa /usr/sbin/sendmail, amri ya kutuma barua kwenye mashine hizo, basi. Jina lisikutishe. Sendmail yenyewe, ya Eric Allman, ni ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kuisanidi ni adhabu. Lakini amri hiyo wameirithi watumaji barua wengine: Postfix, Exim, hata msmtp. Nani anaitikia jina hilo, na nywila inakaa wapi, aamue mwenye mashine.

Kwenye faili unaandika vichwa (To:, Subject: na wenzake), unaacha mstari mtupu, unaandika ujumbe, kisha:

/usr/sbin/sendmail -t -i < ripoti.txt

Hiyo -t inaamuru wapokeaji wasomwe kwenye vichwa. Ile -i wengi huisahau, na mimi nilikuwemo: bila hiyo, mstari wenye nukta peke yake huhesabiwa kuwa mwisho wa barua. Ripoti yangu moja ilikuwa na nukta ya namna hiyo katikati, na makosa yote yalikuwa chini yake. Nikasoma nusu ya juu, nikafurahi, nikaenda zangu kunywa chai.

Uzuri mwingine ni foleni. Mtandao ukikatika, Postfix huishikilia barua na kurudia kujaribu, kwa kawaida hadi siku 5. (msmtp haina foleni yake, kwa hiyo angalia ulichosakinisha.) Bado kagua namba ambayo amri hurudisha ikimaliza: 0 ina maana barua imepokelewa foleni, si kwamba imefika; 75 ina maana jaribu tena baadaye.

Kazi ikiendeshwa na cron, mwendesha ratiba wa mfumo, hata hayo huyahitaji. Weka MAILTO yenye anwani yako juu ya crontab, faili la ratiba hizo. Chochote programu itakachochapa utaletewa. Skripti yangu sasa haina mstari hata mmoja wa barua pepe. Hunyamaza mambo yakiwa shwari, ila kila Jumatatu inachapa "nipo", nijue njia bado iko wazi.