Swali la Lugha: Zimehifadhiwa, Basi

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwandishi wa programu hapa Morogoro. Katika mifumo yetu ya wavuti, mtu akishatuma fomu, seva humpeleka kwenye ukurasa mwingine, na juu ya ukurasa huo hutokea ujumbe mfupi, kwa mfano "Taarifa zako zimehifadhiwa kwa mafanikio." Akipakia ukurasa upya, ujumbe haupo tena. Wenzangu wanauita "ujumbe wa muda", mimi nauita "ujumbe wa fleshi". Tushike lipi?

Jibu: Marahaba. Msishike lolote kati ya hayo. Fleshi, kwa watu wengi, ni kile kidude cha kubebea mafaili. "Wa muda" ni baya zaidi, kwa sababu linapotosha jinsi kitu chenyewe kinavyofanya kazi. Kibali cha muda hukoma siku zake zikiisha, lakini ujumbe huu hauhesabu siku wala dakika. Katika Django na Flask, ambazo ni zana za kujengea tovuti, seva huuweka kando, hukielekeza kivinjari kwenye ukurasa mwingine, na ukurasa huo ukishauchukua ili uuonyeshe, ujumbe unafutwa. Rails na Laravel, zana nyingine za aina hiyo, hazisubiri hata uonyeshwe: kivinjari kikishaomba ukurasa unaofuata na kuupata, nao umekwenda. Basi uiteni "ujumbe wa mara moja". Neno ujumbe limetokana na mjumbe, na mjumbe akishasema alilotumwa, huondoka.

Sasa turudi kwenye mfano wako. Ndani yake kuna maneno mawili niliyoyavumilia miaka mingi na leo siyavumilii tena: "kwa mafanikio".

"Zimehifadhiwa" ni neno zima. Ile -me- imeshasema kwamba tendo limekamilika na matokeo yake yapo. Kama hazikuhifadhiwa, tungeandika "hazikuhifadhiwa". Hakuna hali ya tatu, ya taarifa kuhifadhiwa bila mafanikio. Mama akiipua sufuria husema wali umeiva. Akitangaza kwamba wali umeiva kwa mafanikio, waliokaa mkekani wataacha kunawa mikono na kutazamana: kwani kulikuwa na nini huko jikoni? Ulitaka kuungua? Na huu wa jana aliosema umeiva tu, tulikula kitu gani? Neno lililoongezwa ili kuthibitisha limeleta shaka mahali ambapo hapakuwa na shaka.

Najua linakotoka. Ni mazoea ya Kiingereza, na zana zenyewe zinayachochea. Django, kwa mfano, ina ngazi tano za ujumbe: wa kusaka hitilafu, wa taarifa, wa mafanikio, wa onyo na wa kosa. Mwandishi wa programu huchagua ngazi ya mafanikio ili ukurasa ujue kukipa kisanduku rangi ya kijani. Hiyo ni lebo ya ndani, kama namba ya gunia ghalani. Mteja anayenunua kilo mbili za mchele hasomewi namba ya gunia. Lakini sisi tunaichukua lebo ile na kuibandika mwishoni mwa sentensi, halafu tunaona tumeandika Kiswahili.

Jirani yangu, mama wa makamo, aliomba mkopo kwa njia ya mtandao. Alipobonyeza akasoma: "Ombi lako limetumwa kwa mafanikio." Lililombaki moyoni ni lile la mwisho. Aliwaita watoto, akanipigia na mimi. Nilipofika nikamwomba anionyeshe. Akapakia ukurasa upya, patupu. Ujumbe ulikuwa wa mara moja na mara yake ilikuwa imekwisha. Wiki tatu baadaye ombi lilikataliwa. Hakukosea kusoma yule mama. Kwa Mswahili, aliyefanikiwa ni yule aliyepata alichokuwa anakitafuta, na fomu kufika kwenye seva si kupata mkopo. Aliyekosea ni aliyeandika, tena alikosea katika ujumbe ambao msomaji hana nafasi ya kuurudia.

Daktari akisema upasuaji umefanyika kwa mafanikio, namkubalia, maana upasuaji unaweza kufanyika na mgonjwa asipone. Hapo neno lina kazi. Kwenye kuhifadhi namba ya simu halina.

Kwa hiyo, ndugu yangu, andika "Taarifa zako zimehifadhiwa." Andika "Ombi lako limepokelewa. Bado halijajibiwa." Likikwama, taja lililokwamisha: "Ombi halikutumwa. Picha uliyoweka ni kubwa mno." Na pale mtu anapotoka kwenye akaunti yake, mahali ambapo siku hizi anaambiwa "Umefanikiwa kutoka", mwambie "Umetoka."