Kundi la WhatsApp la mwalo: linda bei kwanza

Mvuvi aliyeko kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, hawezi kuiona kwa macho bei ya Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza. Ana simu, na kwenye simu kuna kundi. Akisoma saa 1 asubuhi kwamba ndoo ya dagaa imeshuka, atamuuzia mchuuzi aliyesimama mbele yake hapo hapo, maana dagaa mbichi hawangoji. Kama aliyeandika alidanganya, hasara imeshapatikana na hakuna msimamizi wa kuirudisha. Kwa hiyo wewe uliyekabidhiwa kundi la wavuvi, waanikaji na wachuuzi, hesabu kwamba kazi yako ya kwanza ni kulinda bei. Ubishi wa Simba na Yanga, siasa na picha za "asubuhi njema" vinachosha, lakini havimfilisi mtu kwa asubuhi moja.

Anzia kwenye namna bei inavyoandikwa. "Dagaa leo 30" haisemi kitu. Thelathini elfu ya nini? Ndoo ya lita 20 iliyosawazishwa na ndoo ya lumbesa, iliyojazwa kupita ukingo, ni vipimo viwili. Gunia nalo ni hivyo hivyo: dagaa waliokaushwa vizuri juu ya chanja, yaani meza za kuanikia, ni wepesi kuliko waliozolewa mchangani wakiwa bado na unyevu, na mchanga wenyewe una uzito wake. Bei ya gunia isiyotaja kilo wala namna ya kuanika humpendelea mwenye mzigo mbovu. Wekeni kanuni kwamba bei haihesabiwi mpaka itaje mwalo (mahali mitumbwi inaposhushia mzigo), siku na saa, hali ya dagaa, kipimo, kiasi cha fedha, na neno moja la mwisho: imeuzwa au inaombwa. Kwa mfano (tarakimu ni za kuonyesha tu):

Igombe, Jumanne saa 1:20 asubuhi, wabichi, ndoo lita 20 bila lumbesa, 30,000, imeuzwa.

Hilo neno la mwisho ndilo wanachama wapya hulisahau, na ndilo lenye madhara makubwa. Bei inayoombwa ni matumaini ya muuzaji. Bei iliyouzwa ni fedha iliyoshikwa mkononi. Ukiyaacha hayo mawili yachanganyike kwa wiki mbili tu, wachuuzi wataanza kupigiana simu pembeni, na kundi litabaki na salamu. Bandika mfano huo juu kabisa ya kundi. WhatsApp inaruhusu ujumbe ubandikwe kwa saa 24, siku 7 au siku 30. Chagua 30, kisha ujiwekee kumbukumbu ya kuubandika upya.

Uongo wa bei huja kutoka pande mbili. Mnunuzi anayeelekea visiwani huandika bei ya chini usiku wa manane, kabla hajafika, ili akute mioyo imeshalegea. Mwenye mzigo mwingi mwaloni huandika bei ya juu ili wenye malori wasielekee Musoma. Wote wawili hukamatwa kwa njia moja: kila mwalo mkubwa uwe na watu wawili wanaoripoti, mmoja muuzaji na mmoja mnunuzi, na wasiwe ndugu. Wakitofautiana kidogo, andika bei zote mbili. Wakitofautiana sana, uliza mbele ya wote kipimo gani kilitumika, kwa kuwa mara nyingi mzozo ni wa ndoo na wala hakuna aliyekusudia kudanganya. Weka daftari la kawaida la karatasi. Anayekosea mara moja ni binadamu. Anayekosea kila Ijumaa, na kila mara kwa upande unaomnufaisha, daftari litamwonyesha.

Bei ya uongo ikishapita, usiifute. Hapa wasimamizi wengi hukosea kwa nia njema. Walioisoma wanabaki nayo kichwani, wasiokuwa hewani hawajui kilichotokea, na ule mstari unaosema ujumbe umefutwa na msimamizi unazaa uvumi kwamba kuna jambo linafichwa. Ujibu ujumbe wenyewe, ili ule wa awali uonekane juu ya jibu lako, andika bei sahihi na jina la mwalo, kisha bandika jibu hilo kwa saa 24.

Yapo yanayofutwa bila kusubiri kikao: namba ya kutumia fedha iliyowekwa na mtu asiyethibitishwa, picha ya kitambulisho cha mtu, tangazo la makokoro (nyavu za kukokota zilizopigwa marufuku) au la sangara walio chini ya sentimita 50, na picha za marehemu. Hili la mwisho lina uzito wake kwetu watu wa ziwa. MV Bukoba ilizama Mei 1996, MV Nyerere ikapinduka karibu na Ukara Septemba 20, 2018 na kuua zaidi ya watu 200. Hakuna familia pwani hii inayostahili kumtambua mtu wake kupitia kundi la bei ya dagaa. Taarifa ya chombo kupata ajali ikiingia, ingia kwenye mipangilio ya kundi uzuie wote kuandika isipokuwa wasimamizi. Andika mambo matatu tu: chombo gani, kimeonekana wapi mara ya mwisho, na aliyetoa taarifa yuko wapi. Majina ya watu yasubiri ndugu na mamlaka. Fungua kundi baada ya saa chache, na uwaambie watu mapema litafunguliwa saa ngapi, la sivyo wataanzisha kundi lao lisilo na mwenyewe. Ujue pia kwamba kufuta hakuifuti picha kwenye simu ya aliyekwisha kuihifadhi; ndiyo maana mwendo wa dakika 5 na wa dakika 50 ni tofauti kubwa.

Tabiri za hali ya hewa zinataka uangalifu kama huo. Onyo la upepo na mawimbi la Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ni jambo jema kuliweka kundini, lakini onyo la mwaka jana likisambazwa leo huwaacha watu ufukweni bure, na la wiki ijayo hawataliamini. Tazama tarehe kwenye karatasi yenyewe. Ujumbe wenye alama ya mishale miwili umeshapita mikononi mwa watu wengi, mnyororo wa mara tano au zaidi. Aliyeuleta aandike ameupata wapi, au auondoe.

Sasa matapeli. Ule ujumbe wa "hiyo hela itume kwenye namba hii" kila mtu anaujua, na mtu wa mwaloni hadanganyiki nao kirahisi. Hatari kubwa ni akaunti ya mwanachama halali iliyotekwa. Mtu hupigiwa simu akaombwa tarakimu 6 "zilizokuja kwako kwa bahati mbaya". Akizitaja, WhatsApp yake inahamia kwenye simu ya mwizi, na dakika 10 baadaye mama anayeaminika na wote anatangaza gunia 40 kwa bei ya kutupa, tuma nusu sasa hivi, gari linaondoka. Watu hutuma kwa kuwa jina na picha ni zake. Kwa hiyo: bei iliyo chini mno kuliko ya asubuhi, ikiambatana na haraka, ichukuliwe kuwa akaunti imetekwa hadi mwenyewe apigiwe kwa simu ya kawaida, siyo kwa WhatsApp. Mwondoe kundini papo hapo, ueleze sababu, na umrudishe akishapata akaunti yake. Ujumbe wa kitapeli uliokuja kwa meseji ya kawaida unatumwa kwenye namba 15040. Na kila mwanachama apige *106# aone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Asiyoitambua aende akaifungishe.

Wasimamizi wenyewe ndio mlango mkubwa. Akaunti ya msimamizi ikitekwa, mwizi anaweza kuwavua wenzake usimamizi. Kila msimamizi awashe uthibitishaji wa hatua mbili, ule wa namba ya siri ya tarakimu 6, kabla hajapewa madaraka. Asiyewasha asipewe, hata kama ndiye mwenye mitumbwi mingi. Wasimamizi wanne wanatosha: mmoja wa Kirumba, mmoja wa visiwani, mmoja wa waanikaji (na hawa wengi ni akina mama, basi awe mmoja wao), na mmoja wa usafirishaji. Gawaneni zamu kwa saa za kazi ya ziwa. Kundi la dagaa huchangamka kuanzia saa 11 alfajiri mitumbwi inaporudi hadi saa 3 asubuhi. Msimamizi anayeamka saa 2 amekwisha kuchelewa.

Linki ya kuingilia isisambazwe ovyo. Kila anayeingia anaona namba za wote, na kuna watu huingia kwa dakika 5, wakavuna namba, wakatoka. Washa idhini ya wanachama wapya, na kila anayeomba ajibu maswali mawili: unafanya kazi mwalo gani, na nani humu anakufahamu. Kundi linaweza kubeba watu 1,024, lakini bei zikianza kuzidi kasi ya kusomwa, gawa kwa eneo. Kwa maoni yangu, kundi la watu 200 wanaofanya biashara ya kweli linaishinda hiyo 1,024. Zima pia ujumbe unaojifuta wenyewe, kwani makubaliano ya mzigo yakitoweka baada ya siku 7 utakosa ushahidi siku ya ugomvi.

Kuhusu adhabu, kumbuka unaongoza watu wanaokutana ana kwa ana kwenye mchanga. Mzee akivunja kanuni, mfuate pembeni: "Shikamoo mzee, naomba ile bei ya asubuhi tuongezee kipimo, vijana wanachanganyikiwa." Ukimkosoa mbele ya watu 200, hata akiwa na kosa, wanaomheshimu watakasirika kwa niaba yake. Kosa la pili, mkumbushe kundini bila kumtaja jina. La tatu, mtoe kwa siku 14 na umwambie tarehe ya kurudi. Tarehe hiyo ni ya lazima. Bila hiyo umemfukuza. Tapeli aliyethibitika hana hatua tatu, anatoka siku hiyo hiyo, na kwa kuwa anaweza kurudi kwa laini nyingine, badilisha linki. Wakumbushe watu pia kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, inagusa anayetoa habari za uongo akijua ni za uongo kwa nia ya kudanganya: faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote.

Misiba inahitaji busara kuliko sheria. Mwanachama akifiwa, pole 90 zitafunika bei ya asubuhi nzima. Lakini ukizikataza, utaonekana una roho ngumu, na kusema kweli utakuwa nayo. Msimamizi atoe tangazo moja lenye jina, mahali pa msiba na siku ya mazishi, na papo hapo afungue kundi dogo la pole na michango litakalofungwa baada ya mazishi. Fedha zishikwe na watu wawili, na orodha ya waliochanga iwekwe kila jioni saa 12, jina kwa jina. Mchango usio na orodha umevunja makundi mengi kuliko matusi.

Sauti zilizorekodiwa usizikataze. Wapo wasioandika kwa urahisi, na wapo ambao mikono imejaa dagaa. Wekeni ukomo wa dakika 1, na msimamizi wa zamu aandike bei iliyotajwa ndani yake, kwani visiwani bando ni la kubania na mtandao hushika kwenye mwinuko fulani tu. Anayezungumza Kisukuma, Kikerewe au Kijita aachwe azungumze. Bei tu ndiyo iandikwe kwa Kiswahili.

Usafi wa kundi ufanye siku za mbalamwezi. Mwezi ukiwa mkali taa hazivuti dagaa, mitumbwi inapumzika, na kundi linapoa. Ndipo uvumi nao hupata nafasi, kwa hiyo ni vizuri watu wawe na la kufanya. Pigeni kura ya kanuni mpya, chagueni waripoti wa mialo, kisha pitia orodha ya namba. Namba iliyonyamaza miezi mitatu mpigie. Laini isiyotumika muda mrefu hupewa mtu mwingine, na huenda jina la mvuvi wa Kayenze unayemfahamu sasa liko juu ya simu ya mtu asiyewahi kuliona ziwa. Akipokea mgeni, iondoe namba hiyo kabla giza la ziwani halijarudi.