Barua kwa Mwanangu: Nguo za Safari ya Meli Norway

Lindi Mjini

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako zimefika, na sisi huku tu wazima, tunamshukuru Mungu. Umeniuliza jambo moja, nami nitakujibu hilo. Wewe na mwenzako mtapanda meli ya kitalii Bergen mwezi wa Julai, mpite katika fyodi za Norway, yaani zile hori ndefu za bahari zilizoingia katikati ya milima, mfike Nordkapp, rasi iliyo mbali kabisa kaskazini ya nchi hiyo, na kurudi. Na hujui kama ujaze sanduku magauni ya kiangazi kwa kuwa huko Julai ni kiangazi, au ununue koti zito kama wanavyokushauri wenzako wa Dar es Salaam. Ushauri wangu ni kwamba usifanye hilo wala lile. Chukua nguo nyembamba zinazoweza kuvaliwa moja juu ya nyingine, na ile ya juu kabisa iwe inazuia upepo na mvua. Mengine yote nitakayoyaandika yanatokana na hilo.

Neno kiangazi lisikupoteze. Hapa kwetu Julai ni kipupwe, kusi linavuma, na usiku tunajifunika shuka mbili, ilhali joto halishuki sana chini ya nyuzi 19. Kule Bergen, nilikosomea mambo ya uvuvi kabla wewe hujazaliwa, nyuzi 19 ni joto la alasiri nzuri ya Julai, siku ambayo watu hutoka na kuketi kwenye majani kwa furaha. Ukienda kaskazini hadi Tromsø wastani wa mwezi huo ni kama nyuzi 12, na Nordkapp, ambako ni nyuzi 71 kaskazini ya ikweta wakati sisi Lindi tuko nyuzi 10 tu kusini yake, ni baridi zaidi ya hapo. Hata hivyo zipo siku ambazo jua huwaka ndani ya fyodi, upepo ukakatika, na mtu akatamani kubaki na fulana ya mikono mifupi. Siku hizo huwezi kuzijua unapofunga sanduku, na mara nyingi huwezi kuzijua hata asubuhi unapotoka chumbani.

Sababu ya hali hiyo kubadilika upesi ni kwamba pepo za magharibi huchukua unyevu kutoka Atlantiki, ambayo upande ule hupashwa joto na mkondo wa maji unaotoka kusini, kisha zikifika pwani hugonga milima na kupanda juu, na unyevu hugeuka mvua. Bergen hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, ambazo ni zaidi ya mara mbili ya zetu, tena haina msimu mmoja kama masika yetu. Hunyesha katika mwezi wowote, mara nyingi manyunyu mepesi yanayoanza na kukoma na kuanza tena. Kwa hiyo koti la mvua si nguo ya akiba ya kuwekwa chini ya sanduku. Ndilo vazi utakalolivaa kuliko yote. Liwe jepesi, lisilopitisha maji hata kwenye mishono, lenye kofia inayokazwa kwa kamba, na liwe pana kidogo ili sweta iingie ndani yake bila kubana mabega. Mwavuli uache nyumbani. Upepo wa pwani ile huupindua, na kwenye sitaha iliyojaa watu ni hatari kwa macho ya wenzako.

Sasa fikiria upepo wenyewe. Unakijua kivuko cha kwenda Kitunda wakati wa kusi, jinsi mtu aliyekuwa akitoka jasho gatini anavyoanza kujikunyata kikiwa katikati ya maji. Meli yenu itakuwa ikienda kilomita 30 kwa saa au zaidi, maana yake hata siku isiyo na upepo mtu aliyesimama mbele hupigwa na upepo wa kasi hiyo. Joto likiwa nyuzi 10, mwili hulihisi kama nyuzi 7 hivi. Nanyi hamtakaa ndani, kwa sababu uzuri wa safari hiyo uko nje, kwenye maporomoko ya maji na vijiji vilivyoshikilia miguu ya milima. Nasikitika nikifikiri kwamba mtu anaweza kulipa gharama zote hizo kisha akayatazama mambo hayo kupitia kioo kwa kukosa sweta.

Tena mtapanda juu. Meli nyingi huingia Geiranger, fyodi iliyowekwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2005, na kutoka gatini watu hupelekwa kwa basi hadi kilele cha Dalsnibba, karibu mita 1,500 juu ya bahari. Kwa kawaida joto hupungua nyuzi 6 au 7 kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo mnaweza kuondoka chini kukiwa na nyuzi 18 na kufika juu kukiwa na 8, theluji ikiwa bado imelala kandokando. Mwenye koti moja zito atatoka jasho ndani ya basi, na akilivua atakuwa hana kitu cha katikati. Mwenye nguo tatu nyembamba ataongeza moja na kupunguza moja kadiri barabara inavyopanda na kushuka. Kinachokutia joto ni hewa iliyonaswa kati ya nguo na nguo kuliko uzito wa kitambaa.

Ya kwanza, inayogusa mwili, isiwe ya pamba. Najua hili litakuwa gumu kwako, kwa kuwa sisi watu wa pwani tumelelewa na pamba na hakuna kitambaa kitufaacho zaidi katika joto letu. Lakini pamba hunywa maji, huchelewa kukauka, na ikilowa huondoa joto mwilini. Sufu ya kondoo huendelea kukupasha joto hata ikiwa na unyevu, na haishiki harufu upesi, hivyo fulana mbili za ndani zenye mikono mirefu zitakutosha kwa kubadilishana. Juu yake vaa sweta nyembamba ya sufu, kisha koti la mvua. Jinzi usibebe kabisa; ikilowa Bergen utaikuta bado mbichi mtakapokuwa mbali kaskazini, maana vyumba vya meli ni vidogo na nafasi ya kuanika ni finyu. Suruali mbili za kitambaa chepesi kinachokauka haraka zinatosha, pamoja na suruali moja ya ndani ya kubana kwa siku ya Nordkapp, kwa sababu ule ni uwanda mtupu usio na mti, juu ya jabali la mita 307, na upepo wake hauna kizuizi.

Kabla hujaingia duka lolote la gharama, nenda kwenye mitumba ya Karume. Sweta za sufu hazina wateja wengi katika joto la Dar es Salaam, nyingi hupelekwa Njombe na Mbeya, na mtu mwenye subira ya kupekua na kusoma lebo ya ndani huzipata nzuri kwa bei ndogo. Kagua viwiko na kwapa, na ikiwa ina matobo ya nondo iache.

Kuhusu baibui, umeuliza kwa wasiwasi kama litakufaa. Litakufaa ndani ya meli, lakini lile lako pana la hariri usilivae kwenye ngazi ya kushukia wala kwenye sitaha, kwa kuwa upepo huliinua na kulinasa miguuni, na ngazi ikiwa imelowa mtu huanguka. Vaa suruali pana na gauni linalofika chini ya magoti, koti juu yake. Ushungi uwe ule ulioshonwa wa kuvaa kichwani, usiohitaji pini, na chini yake uvae kofia nyembamba ya sufu inayofunika masikio. Glavu pia. Viatu viwe vya kufungwa, visivyopitisha maji, vyenye soli inayoshika, na uanze kuvivaa sasa ili visikuchubue huko. Kobazi zibaki za chumbani.

Jioni za meli hazihitaji mengi. Gauni moja la kitenge na shali vitakutosha, kwani ndani huwa na joto la kutosha.

Khanga chukua doti moja. Itakuwa ya kuswalia, ya kujitanda ukitoka kuoga, na ukiikunja itafunika macho yako usiku, kwa sababu Nordkapp jua halizami tangu katikati ya Mei hadi mwisho wa Julai, na pazia za vyumba wakati mwingine hupitisha mwanga.

Fulana moja ya sufu, sweta na koti la mvua viweke kwenye begi la mkononi na si sandukuni, maana siku ya kupanda masanduku huchukuliwa gatini na mara nyingi huletwa vyumbani saa kadhaa baadaye, na meli huondoka ninyi mkiwa juu mnatazama mji. Mwenzako naye afanye vivyo hivyo.

Nitumie urefu wako kuanzia begani hadi chini ya goti, na upana wa mabega ukiwa umevaa sweta. Fundi wangu hapa sokoni atashona lile gauni la kuvalia juu ya suruali, na nitalipakia kwenye basi la Dar kabla ya mwezi kwisha.

Wako akupendaye,
Mama