Maswali ya Wasomaji: Kilomita 200 Kila Mwezi, Mwaka Mzima

Tangu tuitaje changamoto hii, sanduku la barua halijapumzika. Kwa asiyeijua: Uingereza inaitwa Randonneur Round the Year, Marekani inaitwa R-12, na sharti kuu ni lilelile. Unaendesha baiskeli safari moja ya kilomita 200 au zaidi katika kila mwezi wa kalenda, miezi 12 mfululizo. Unaweza kuanza mwezi wowote, lakini ukiruka mmoja unaanza upya. Muda wa kawaida wa kumaliza kilomita 200 katika safari za aina hii ni saa 13 na dakika 30, vituo vikiwemo.

Naendesha kilomita 80 kila Jumapili bila taabu. Je, 200 ni ndoto? Na muda huo unanitosha mimi nisiye na mbio? (Mguu wa Pole)

Si ndoto. Refusha safari yako ya wiki kwa kilomita 20 hivi: 100, kisha 120, halafu wiki moja rudi 80 upumzike, kisha 140 na 160. Anayemaliza 160 na bado anaweza kupanda ngazi bila kushika ukuta, 200 ataimaliza.

Kuhusu muda, piga hesabu. Ukiendesha kilomita 22 kwa saa, barabarani utakaa saa 9 na dakika 5. Inabaki akiba ya saa 4 na dakika 25, na hiyo ndiyo wengi huichezea. Vituo sita vya dakika 10 ni saa moja. Vituo hivyohivyo vya nusu saa ni saa tatu, na hapo pancha moja tu inakutia wasiwasi. Kabla hujashuka, jua unashukia nini: maji, choo, chakula cha mfukoni, basi.

Kilomita 50 za mwanzo ziende polepole kiasi cha kukuudhi. Ukishindwa kusema sentensi nzima bila kuhema, punguza. Na chora njia ya kilomita 205, kwa sababu 199.6 si 200 hata ukimlilia nani.

Nilifika mwezi wa saba. Nilipanga wikendi ya mwisho, mtoto akaugua, mwaka ukaanguka. Nifanyeje? (Mama wa Wawili)

Pole, Mama. Miguu haikuwa na kosa, tarehe ndiyo ilikuponza. Safari ya mwezi iwekwe wikendi ya kwanza, ya pili iwe akiba, na ya tatu iguswe tu mambo yakiharibika. Anayesubiri ya nne anacheza kamari. Faida nyingine ya kuwahi ni kwamba unaweza kuahirisha bila kuumia roho. Asubuhi ya barafu barabarani, ngurumo au upepo unaokusukuma katikati ya njia, unarudi kulala. Mwenye siku moja tu iliyobaki ndiye hutoka siku hiyo, na ndiye huanguka.

Miezi yako sita ya mwanzo haihesabiki tena, lakini usingoje Januari. Safari yoyote inayostahili utakayofanya mwezi huu ni ya kwanza kati ya 12 mpya.

Baiskeli yangu ilikuwa nzima mwanzoni. Sasa mnyororo unaruka nikikanyaga kwa nguvu, nimeweka mpya lakini unaruka vilevile! Pia napata pancha mahali palepale. (Fundi wa Nyumbani)

Umechelewa kubadilisha mnyororo. Mnyororo hauvutiki kama mpira. Pini zake na sehemu zinazozizunguka husagika, kila kiungo kikapata nafasi kidogo, na jumla yake ni urefu. Mnyororo uliorefuka huchonga meno ya gia za nyuma yafuate kipimo chake. Ukiweka mpya juu ya meno yaliyokwisha kuchongwa, haukai, unapanda na kuruka. Dawa yako sasa ni kubadilisha pia kaseti, yaani seti nzima ya gia za nyuma, au angalau zile gia ndogo unazozitumia zaidi kama kaseti yako inaruhusu.

Ili usirudie hasara hiyo, tafuta rula ya chuma. Vuta mnyororo ukaze, weka sifuri katikati ya pini moja, hesabu nafasi 24 kati ya pini na pini, kisha soma katikati ya pini ya mwisho. Mnyororo mpya husoma milimita 304.8. Ukifika karibu 306.3 kwenye baiskeli ya gia 11 au 12 za nyuma, badilisha. Kwa gia 10 kushuka chini unaweza kungoja 307. Pima kila baada ya safari mbili. Safari za changamoto peke yake ni kilomita 2,400, ukijumlisha na za mazoezi mnyororo mmoja huenda usimalize mwaka, hasa miezi ya mvua.

Mafuta: tone moja kwa kila kiungo, upande wa ndani, usiku kabla ya safari. Zungusha pedali dakika moja, acha yapenye, asubuhi futa yote ya nje kwa kitambaa. Mafuta ya nje hayalainishi chochote, yanakusanya mchanga tu. Ukirudi umelowa, futa na upake jioni ileile, kutu haingoji Jumamosi.

Pancha inayorudi mahali palepale maana yake mwenye kosa bado yumo ndani ya tairi. Unapofunga tairi, nembo yake ikae sawa na valvu. Siku ukipata pancha, tafuta tundu kwenye tyubu, pima lilivyo mbali na valvu, kisha nenda umbali huohuo kwenye tairi ukianzia kwenye nembo. Pitisha kitambaa laini ndani, kitanasa kwenye mwiba au uzi wa chuma ambao jicho halikuuona. Usipitishe kidole kitupu. Tundu likiwa upande wa ndani wa tyubu, unaoelekea rimu, kagua utepe unaofunika vichwa vya spoki. Matundu yakiwa mawili sambamba kama alama ya meno ya nyoka, upepo wa tairi ulikuwa mdogo, tyubu ikabanwa kwenye rimu.

Mkobani: tyubu mbili, viraka, pampu, alenki, kiungo cha akiba cha mnyororo, na kipande cha tairi kuukuu cha kuziba tairi lililochanika.

Kidole kidogo na cha pete hufa ganzi baada ya saa nne. Ninunue glavu nene? (Mkono Baridi)

Glavu husaidia kidogo, ila anza na kiti. Neva ya vidole hivyo hupita kwenye kiganja upande wa kidole kidogo, na uzito ukiegemea hapo inabanwa. Pua ya kiti ikiinama, mwili huteleza mbele na mikono ndiyo inayokuzuia usianguke. Weka kiti sawa kwa pima maji, kisha inua usukani sentimita moja. Badilisha mshiko kila dakika 10. Ganzi ikidumu siku kadhaa, au ukishindwa kutanua vidole, acha safari ukamwone daktari.

Kilomita ya 130 naishiwa kabisa, ingawa nakunywa maji mengi sana. (Tumbo Wazi)

Huenda maji hayo ndiyo nusu ya tatizo. Unahitaji wanga gramu 60 kwa saa, na ndizi moja ya wastani ina kama 25. Kula kidogo kila dakika 30 kuanzia nusu saa ya kwanza, ukiwa bado hujasikia njaa, maana ukishaisikia umechelewa. Maji yafuate kiu. Kunywa maji matupu kupita kiasi hushusha chumvi kwenye damu: kichwa kinauma, kichefuchefu, vidole vinavimba hadi pete inabana. Ukiona hivyo acha kunywa na usiendelee na safari. Ukianza kuchanganyikiwa au kutapika, ni hospitali mara moja.

Je, baiskeli ya ndani ya nyumba inahesabika mwezi wa baridi kali? (Mvivu Mwaminifu)

Hapana. Itumie kwa mazoezi tu.