Kabla Hujafungua Injini, Tazama Briza

Msomaji mmoja wa Kisumu ameniandikia juzi ujumbe mrefu wenye picha. Ana Datsun 240Z kama yangu. Ametoa kabureta mbili za kiwandani akafunga Weber 40 DCOE tatu, na tangu siku hiyo oili inavuja nyuma ya injini, ndani ya gari kunanuka, na dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, inainuka yenyewe akishapanda mlima. Fundi wake amemwambia ringi za pistoni zimekwisha, atafute pesa za kufungua injini. Swali lenyewe lilikuwa fupi: "Mkubwa, nifungue?"

Usifungue, kaka. Tazama kwanza briza, mahali injini inapopumulia. Ngoja kwanza nikueleze yaliyonipata, maana picha yako ya bloku imenirudisha mahali ambapo sikutaka kurudi.

Wewe na mimi tunajua kwa nini tunahangaika na gari hili. Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda mbio za Safari Rally na 240Z mwaka 1971. Shekhar Mehta akashinda nayo 1973, ushindi wa kwanza kati ya mitano yake. Ukiwa na Z hapa Kenya huwezi kutia petroli kwa amani. Mzee atakuja akueleze alikuwa amesimama kona gani gari kama lako lilipopita limejaa matope. Nusu yao wanatia chumvi, ila mimi huwasikiliza wote. Sasa Safari imerudi, tangu 2021 tunaiona hapa hapa kaunti ya Nakuru, na kila mwenye gari la zamani anataka lake lingurume kama la mashindano. Hapo ndipo Weber tatu zinapoingia: koo sita, kila silinda na koo lake, na sauti ambayo ukiisikia mara moja huwezi kurudi nyuma.

Sitakuchosha na habari za kuagiza na kusubiri bandarini. Zilifika. Nikapeleka gari kwa gereji moja ya mjini yenye sifa, ambayo sitaitaja. Kazi ilikuwa safi machoni, kila kitu kinang'aa. Nikalipa bila kunung'unika nikaenda zangu.

Kabla ya wiki kadhaa kupita, oili ikaanza kudondoka pale injini inapokutana na gia. Wakabadilisha sili ya nyuma ya krenki, na kazi hiyo kama unavyojua ni kushusha gia na klachi yote. Nikalipa. Ikavuja tena. Ndipo mkubwa wa gereji, mbele ya vijana wake, akanitazama usoni akasema gari hili ni la kuuza, ringi zimekwisha, tena mimi ndiye niliyeliua kwa kukanyaga. Vijana wakacheka. Nakwambia ukweli, kicheko kile bado kinaniuma kuliko pesa.

Nikalipeleka nyumbani Lanet nikapima mwenyewe kompresheni, yaani mgandamizo wa kila silinda. Silinda zote sita zilikaribiana kabisa. Ringi zilizokwisha kwa kawaida hazitoi kipimo kama hicho. Nikalala chini ya gari na tochi, nikafuata kila mpira. Ubavuni mwa bloku, chini ya manifoldi inayopeleka hewa na petroli kwenye silinda, kuna paipu fupi ya chuma. Juu yake walikuwa wamevalisha kipande cha mpira, na kwenye mdomo wa mpira wakapachika bolti na kuikaza kwa klampu. Na mdomo wa tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini, nao ulikuwa umezibwa kwa kifuniko kizuri cha alumini ili injini ipendeze. Nikawasha, nikalegeza ile klampu. Mpira ukachomoka wenyewe kwa mshindo, ukanirushia oili hadi kwenye mkono wa shati.

Hakuna injini isiyopitisha gesi kidogo kando ya ringi, hata iliyotoka kiwandani jana. Gesi hiyo inashuka hadi chumba cha krenki ikiwa na petroli isiyoungua, mvuke wa maji na asidi, na ni lazima itoke. Zamani ilitoka kwa paipu iliyoning'inia chini ya gari ikivutwa na upepo wa mwendo. Kisha magari mapya ya California, kuanzia modeli za 1961, yakaja na mfumo wa kuirudisha ndani ichomwe, na wengine wakafuata. Kwenye L24, injini ya 240Z yetu, Wajapani waliipanga hivi: hewa safi inatoka kwenye ea kilina, inaingia tapeti kava kwa mpira, inashuka upande wa cheni, inaichukua ile gesi, halafu inatokea kwenye paipu ya ubavuni mwa bloku. Hiyo ndiyo briza. Kutoka hapo mpira unapanda hadi valvu ya PCV, inayopitisha gesi upande mmoja tu, iliyofungwa chini ya paipu inayounganisha manifoldi ya mbele na ya nyuma. Vakumu ya injini inanyonya, gesi inaungua pamoja na petroli, mambo yameisha.

Ukifunga Weber tatu, manifoldi yote hiyo inaondoka. Inaondoka na kiti cha PCV, na ea kilina ya zamani nayo inaenda na mdomo wake. Injini inabaki na matundu mawili yasiyo na kwao. Fundi asiyejua anayaziba. Ziba sufuria ya githeri inayochemka uone supu itapitia wapi. Injini nayo itatafuta penye udhaifu: sili ya nyuma, gasketi ya sampo (bakuli la oili la chini), mrija wa dipstiki. Unaweza kubadilisha sili kila Ijumaa, itavuja kila Jumatatu.

Kwa hiyo, kaka wa Kisumu, anza kwa kunusa dipstiki. Ikinuka petroli, tazama jeti, vile vitundu vya kupimia petroli kwenye kabureta. Weber nyingi huja zimepangiwa nchi za usawa wa bahari, na huku hewa ni nyepesi: Nakuru ni karibu mita 1,850, Kisumu nayo si pwani, ni zaidi ya mita 1,100. Petroli ikizidi inaosha oili kwenye kuta za silinda na kuifanya nyepesi kama maji, na oili nyepesi huvuja hata pasipo shinikizo. Kisha pima kompresheni. Usikubali mtu akwambie ringi zimekwisha kwa kutazama moshi na kutikisa kichwa.

Baada ya hapo tafuta ule mpira unaoonyesha ndani ambao mafundi wa ujenzi hutumia kama leveli. Mimi nilichukua kifuniko kikuukuu cha oili, nikakitoboa, nikapachika nipeli, nikaunganisha mpira uliopindwa chini kama herufi U ukiwa na maji nusu. Injini ikianza, maji yanakwambia kila kitu. Yakisukumwa kwenda nje, kuna shinikizo ndani. Yakivutwa kidogo kuelekea injini, mfumo unanyonya inavyotakiwa. Matundu yangu yakiwa yamezibwa yale maji yaliruka nje yote nilipokanyaga, na mke wangu aliyekuwa mlangoni akauliza kama gari limeanza kutapika.

Kuhusu dawa yenyewe watu hubishana sana. Wapo wanaoweka kichujio kidogo kwenye kila tundu na kuacha gesi itoke hewani. Kwa gari la mashindano sina neno, injini hiyo haipoi. Kwa gari la kwenda kazini na kurudi, asubuhi za baridi za Nakuru, mvuke unabaki ndani na utaona ute wa rangi ya maziwa chini ya kifuniko cha oili. Mimi nilitaka inyonywe. Lakini tahadhari hapa: usichomeke PCV kwenye koo moja la manifoldi. Kila koo linalisha silinda moja tu, kwa hiyo silinda hiyo itapata hewa ya ziada na oili yote ya wenzake, na valvu itatetemeka kwa sababu vakumu ya koo moja inakuja kwa mapigo. Nilitoboa makoo yote sita, nikaunganisha kwa mipira myembamba hadi kwenye kijisanduku cha alumini nilichochomewa na kijana wa jua kali, na PCV ikakaa hapo. Kati ya bloku na PCV nikaweka chupa ya chuma ya kunasa oili, ndani yake nimejaza waya wa kusugulia sufuria, ule wa vipande bapa vinavyojikunja, si ule wa nyuzi laini unaomeguka. Tapeti kava inavuta hewa kupitia kichujio chake, maana vumbi letu la kuelekea Kariandusi si la kuingiza kwenye injini.

Usitoe PCV ukaweka mpira mtupu eti vakumu iwe kubwa. Weber hupiga chafya, na valvu hiyo hujifunga moto ukirudi nyuma usiifikie gesi ya kwenye krenki. Na mpira uwe wa kuhimili oili. Ule wa maji utalainika na kujibana, nawe utarudi ulikoanzia. Ukimaliza, panga upya mchanganyiko wa injini isipokanyagwa, kwa sababu umeongeza hewa.

Mwezi uliopita nilipanda Salgaa hadi Mau Summit bila huruma, nikateremka Londiani na Kericho hadi joto la Ahero. Kisumu niliweka gazeti chini ya gari usiku kucha. Asubuhi lilisomeka lote. Sili ni ile ile ya mwisho waliyoifunga wale jamaa, na ringi ni zile zile zilizokwisha. Nilitamani sana kuwapelekea gazeti lile.

Tatizo letu ni kwamba tunaheshimu sauti kubwa kuliko kipimo. Mtu akisema kwa ukali tunafungua pochi. Muulize fundi wako gesi inaingilia wapi na inatokea wapi. Akishindwa kukuonyesha kwa kidole, chukua funguo zako. Vijana mnaojifunza kazi hii, msiridhike na video za sauti tu. Someni mipira.

Wewe ndugu, kwenye picha yako ya tatu naona kitu kinachong'aa kwenye mdomo wa briza, na nahisi ni bolti. Itoe, funga mpira wa leveli, urekodi maji yanavyocheza injini ikiwa imekaa na ukiikanyaga hadi mizunguko elfu tatu kwa dakika. Nitumie pamoja na kipimo cha kompresheni. Na ile manifoldi ya zamani usiiuze bado. Kama hutaki kutoboa makoo ya manifoldi ya Weber, utaihitaji kurudia kabureta za kiwandani.